Kuku Hawali Bati: Chakula Sahihi kwa Vifaranga na Kuku wa Mayai

Mada hii ilitolewa na mratibu wa miradi ya mifugo wa idara yetu ya maendeleo mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wawakilishi wa wafadhili. Tunaichapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria semina, na kwa vikundi vinavyotarajia kuomba msaada wa mradi wa kuku. Mhariri.



Nimepewa saa moja nizungumzie uchaguzi wa chakula cha vifaranga na kuku wa mayai. Najua kwamba baadhi yenu mlitarajia nizungumzie mabanda, chanjo au masoko. Hayo yote ni muhimu. Lakini katika miradi ya kuku iliyopita mikononi mwangu, iliyokufa mingi ilifia kwenye chombo cha kulia.

Wahenga wetu walisema kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui. Tunautumia usemi huo kama neno la kujifariji, kana kwamba kuku anajua bwana wake ni maskini. Kuku hajui. Anachojua ni kilichomo kwenye chombo chake asubuhi. Tukimpa kinachomstahili kwa umri wake, atataga hata kwa maskini. Tusipompa, hatataga hata kwa tajiri.

Kabla ya kutoa maelezo ya kitaalamu, naomba niwasimulie kosa. Kosa lenyewe ni langu, kwa hiyo kikundi sitakitaja.

Kosa nililolifanya

Miaka kadhaa iliyopita kikundi cha akina mama wa moja ya parokia zetu kiliomba mradi wa kuku 200 wa mayai. Waliandika rasimu ya bajeti wao wenyewe, kwa kalamu, kwenye daftari la shule. Waliweka banda la miti na nyasi, vifaranga 200, chanjo, na mifuko 40 ya chakula. Nilipoisoma niliona mifuko 40 ni mingi mno. Niliona pia kwamba banda la miti na nyasi halitapendeza kwenye taarifa. Nikaichukua kalamu yangu, nikaikata mifuko 40 ikabaki 10, na fedha iliyobaki nikaihamishia kwenye bati, saruji na nondo. Nilijisemea kwamba chakula kitajilipia chenyewe mbele ya safari.

Banda likajengwa. Lilikuwa zuri kweli, na picha yake tuliituma kwa wafadhili. Vifaranga wakaja wakiwa na afya njema. Wiki ya nne chakula cha vifaranga kikawa kimekwisha dukani. Muuzaji akamwambia mweka hazina achukue cha kuku wanaotaga, kwa kuwa chote ni chakula cha kuku, tena hicho kina nguvu zaidi na bei yake ni nafuu. Mama wa watu akaamini. Nani angemlaumu? Mimi niliyepaswa kumweleza tofauti sikuwa nimemweleza.

Baada ya wiki mbili vifaranga wakaanza kuzubaa, kushusha mabawa na kutoa kinyesi cha majimaji meupe. Ndani ya wiki tatu walikufa 61. Nilipoitwa nikawapasua wachache. Figo zilikuwa zimevimba na kupauka, na juu ya moyo na ini kulikuwa na unga mweupe kama chaki. Haukuwa ugonjwa wa kuambukiza. Figo zao zilishindwa kuitoa chokaa tuliyowalisha.

Waliobaki 139 walikula chakula cha mifuko mpaka wiki ya kumi, fedha ikaisha. Kuanzia hapo wakalishwa pumba za mashineni peke yake. Yai la kwanza lilipatikana wiki ya 27. Siku nzuri waliokota mayai 30. Mwishowe waliwauza wote kwa bei ya hasara ili kulipa deni la dawa.

Siku ya kufunga hesabu mwenyekiti wao, mama wa umri wa kunizaa, alipokea shikamoo yangu, akaninyamazia kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, banda ulitupa zuri. Lakini kuku hawali bati."

Nimelibeba neno hilo mpaka leo, na ndilo ninalotaka mwende nalo kwenye parokia zenu.

Umri tatu, vyakula vitatu

Kuku wa mayai hupita katika hatua tatu, na kila hatua ina chakula chake. Mifuko mingi ya viwandani huandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo jifunzeni kuyatambua maneno matatu yaliyopo juu yake: "Starter" ni cha vifaranga, "Growers" ni cha kukuzia, na "Layers" ni cha wanaotaga.

1. Chakula cha vifaranga, tangu siku ya kwanza hadi wiki ya 8. Hiki kina protini ya asilimia 18 hadi 20, kwa sababu katika muda huo mwili unajengwa kwa haraka: misuli, mifupa na manyoya. Madini ya chokaa ni kama asilimia 1 tu. Kifaranga anayekosa protini katika wiki hizi hudumaa, na hata ukimlisha vizuri baadaye pengo hilo halizibiki lote.

2. Chakula cha kukuzia, tangu wiki ya 9 hadi wiki ya 18 hivi. Protini hushuka hadi asilimia 14 hadi 16, na chokaa hubaki kama asilimia 1. Lengo hapa ni kumjenga kuku awe na mifupa imara bila kumnenepesha. Kuku mnene hutaga vibaya.

3. Chakula cha wanaotaga, tangu mayai ya kwanza yanapoonekana. Protini ni asilimia 16 hadi 17. Lakini tofauti kubwa iko kwenye chokaa: asilimia 3.5 hadi 4, yaani mara tatu au nne ya ile ya kifaranga.

Kwa nini chokaa nyingi hivyo? Ganda la yai moja lina takribani gramu 2 za kalsiamu, na karibu yote hutoka kwenye chakula. Kuku anayekula gramu 120 za chakula chenye chokaa ya kutosha hupata zaidi ya gramu 4 kwa siku, na mwili wake hutumia kama nusu yake. Hesabu inakwenda sawa. Akipewa chakula cha vifaranga au pumba, hapati hata hizo gramu 2. Kwa siku chache ataazima kwenye mifupa yake mwenyewe. Baada ya hapo utaona mayai ya ganda laini, kuku wanaokalia miguu, na hatimaye hakuna mayai.

Kwa kifaranga mambo ni kinyume. Hatagi, kwa hiyo ile chokaa haina pa kwenda isipokuwa kwenye figo, na figo zinaziba. Ndicho kilichowaua wale 61. Jambo moja jingine: baadhi ya vyakula vya vifaranga huchanganywa na dawa ya kuzuia kuhara damu. Chakula hicho hakifai kwa kuku ambao mayai yao yanaliwa.

Unapobadilisha chakula usibadilishe kwa siku moja. Siku mbili za kwanza changanya sehemu tatu za chakula cha zamani na sehemu moja ya kipya. Siku mbili zinazofuata nusu kwa nusu. Siku mbili nyingine sehemu moja ya zamani kwa tatu za kipya. Siku ya saba wape kipya peke yake.

Tusisahau maji. Kuku hunywa maji yenye uzito wa mara mbili ya chakula anachokula, na zaidi wakati wa joto. Kuku 100 wanaotaga wanahitaji lita 25 hivi kwa siku. Kuku akikosa maji mchana mmoja wa jua kali, mayai yatapungua hata kama chombo cha chakula kimejaa. Kwa hapa kwetu kanda ya kati hilo ni swali la kwanza kuuliza kabla ya mradi: maji yatatoka wapi mwezi wa Oktoba?

Hesabu kabla ya banda

Bwana wetu alitoa mfano wa mtu aliyeanza kujenga mnara bila kukaa kwanza kuhesabu gharama, akashindwa kumaliza, watu wakamcheka. Mnara wangu mimi ulikuwa banda la kuku. Basi tukae tuhesabu.

Kifaranga mmoja wa mayai hula takribani kilo 2 hadi anapofika wiki 8. Kutoka wiki ya 9 hadi ya 18 hula kama kilo 5. Kwa vifaranga 100 ni kilo 200, yaani mifuko 4 ya kilo 50 ya chakula cha vifaranga, na kilo 500, yaani mifuko 10 ya chakula cha kukuzia. Hiyo ni mifuko 14, na yai bado.

Kisha kuna muda kati ya yai la kwanza na siku ambayo mayai yanatosha kujinunulia chakula. Wekeni wiki sita. Hapo mtahitaji mifuko mingine 9 hivi. Jumla ni mifuko 23 kwa kila vifaranga 100. Kwa vifaranga 200 ni mifuko 46. Mtakumbuka wale akina mama kwenye daftari lao la shule walikuwa wameandika 40. Walikaribia ukweli kuliko mimi mwenye cheti.

Baada ya hapo, kuku 100 wanaotaga hula kilo 12 kwa siku. Mfuko wa kilo 50 unakwisha ndani ya siku nne na kidogo. Katika mradi wa mayai chakula ndicho kinachomeza sehemu kubwa kuliko zote ya matumizi. Kwa hiyo fundisheni vikundi kipimo hiki rahisi, ambacho hakitegemei bei ya mwaka huu wala ya mwaka kesho:

Kuku 100 wakitaga mayai 70 kwa siku, trei moja ya mayai 30 inatumia kama kilo 5 za chakula. Wakitaga mayai 50 tu, trei moja inatumia kilo 7 na robo hivi.

Kila wiki mweka hazina aulize bei ya kilo moja ya chakula, azidishe kwa kilo hizo, na alinganishe na bei ya trei. Ikiwa bei ya trei haizidi gharama ya chakula chake, kikundi kinauza mayai kwa hasara na hakijui. Hapo kuna njia mbili. Kama mayai ni machache, tafuta sababu: chakula, maji, mwanga, ugonjwa au umri. Kama kuku wamezeeka, wauze ungali unapata bei.

Aidha, chakula kingi hupotea bure. Usijaze chombo zaidi ya theluthi moja. Ning'iniza chombo kiwe usawa wa mgongo wa kuku, ili asichakure. Chakula kilichomwagika kwenye maranda kimekwisha kuwa mbolea.

Kuchanganya wenyewe

Vikundi vingi vinaniuliza kama wanaweza kuchanganya chakula wenyewe kwa kuwa cha kiwandani ni ghali. Jibu langu lina sehemu mbili.

Kwa vifaranga, nashauri msichanganye. Kifaranga anakula kilo 2 tu katika wiki nane, na kosa dogo la chumvi au vitamini linaua. Kama fedha ya chakula cha kiwandani ni ndogo, itumieni yote hapo.

Kwa kuku wanaotaga, inawezekana, hasa sisi tunaokaa kwenye alizeti. Mashine za kukamua mafuta zimeenea Singida na Dodoma, na mashudu yanapatikana karibu. Huu ni mchanganyiko wa kilo 100 ambao unaweza kufikia protini ya asilimia 16 hivi, endapo malighafi ni nzuri:

Mahindi yaliyoparazwa, kilo 50
Pumba za mahindi, kilo 9
Mashudu ya alizeti, kilo 15
Soya iliyokaangwa na kusagwa, kilo 10
Dagaa waliosagwa, kilo 6
Chokaa ya mifugo, kilo 8
Mifupa iliyochomwa na kusagwa, kilo 1.2
Mchanganyiko wa vitamini na madini, yaani premiksi, kilo 0.5
Chumvi, kilo 0.3

Sehemu ya mahindi inaweza kuwa mtama mweupe. Mtama mwekundu ule mchungu usizidi kidogo, kwa sababu uchungu wake huzuia protini isitumike vizuri mwilini. Soya lazima ikaangwe au ichemshwe. Ikiwa mbichi ina kitu kinachozuia kuku kumeng'enya protini. Mashudu ya pamba yanahitaji uangalifu mkubwa, maana yana sumu ya asili ambayo huweza kugeuza rangi ya kiini cha yai, na mteja hataelewa.

Chumvi na premiksi ni kidogo, kwa hiyo vichanganyeni kwanza na kilo mbili za pumba, kisha ndipo mtie kwenye rundo kubwa. Geuzeni rundo kwa koleo mara nne au zaidi kwenye sakafu safi. Msipochanganya vizuri, kuku mmoja atapata chumvi ya kumi.

Sasa tunakuja kwenye udanganyifu, maana si kila mfuko una kilichoandikwa juu yake. Dagaa hutiwa mchanga ili waongeze uzito. Chukua konzi moja, tia kwenye glasi ya maji, koroga. Mchanga utatuama chini. Chokaa ya mifugo idondoshee maji ya ndimu; ikitoa povu ni dalili njema, kwa kuwa mchanga hautoi povu. Na isije ikawa chokaa ya kupakia kuta, ambayo inaunguza. Kwa chakula cha kiwandani, nunua mfuko ulioshonwa vizuri, wenye jina la mtengenezaji, aina ya chakula na tarehe. Tuna Sheria ya Maeneo ya Malisho na Vyakula vya Mifugo, namba 13 ya mwaka 2010, inayosimamia utengenezaji na uuzaji wa vyakula hivi. Mkiwa na shaka na mzigo mkubwa, mwoneni afisa mifugo wa kata awaelekeze namna ya kupeleka sampuli maabara. Usione aibu kuuliza dukani. Fedha unayoinunulia ni sadaka ya watu.

Yasiyofaa kwa mtu hayafai kwa kuku

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu jambo hili linavuka banda la kuku na kuingia jikoni kwetu.

Tuna mazoea ya kusema: mahindi haya yameoza, wapeni kuku. Mahindi yenye ukungu huweza kuwa na sumukuvu. Sumu hii iligunduliwa kwa njia ya ndege wa kufugwa. Mwaka 1960 nchini Uingereza walikufa batamzinga zaidi ya 100,000, na wataalamu wakagundua kwamba chanzo kilikuwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili yakiwa na ukungu. Watu nao hawakusalimika. Mwaka 2004 katika wilaya za mashariki mwa Kenya walikufa watu 125 kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 balaa hilo lilifika kwetu, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na watu 20 walipoteza maisha.

Kwa kuku, sumukuvu huharibu ini, hupunguza ukuaji na mayai, na hudhoofisha kinga ya mwili. Kikundi kinaweza kuchanja kideri vizuri kabisa na bado kuku wakafa, kwa sababu miili yao haikuwa na nguvu ya kuipokea chanjo. Kiasi fulani cha sumu huweza pia kupita kwenye yai na kumrudia mtoto aliyepewa yai hilo ili apate afya. Kuchemsha au kukaanga hakuiondoi.

Kinga ni ukavu. Anikeni mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo. Kujua kama yamekauka, chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa, kisha acha itulie. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado mabichi. Hifadhini juu ya chaga, mbali na ukuta, mahali pasipovuja. Chakula kilichochanganywa kitumike ndani ya mwezi mmoja, maana vitamini hupungua nguvu. Kikinuka uvundo au kikishikana mabonge, kifukieni. Najua inauma kufukia chakula. Kufukia kuku 100 kunauma zaidi.

Kwa wenye kuku wa kienyeji

Familia nyingi katika jumuiya zetu hazina kuku wa kisasa. Zina kuku wa kienyeji watano au kumi wanaojitafutia. Tusiwadharau. Huyu anapata wadudu na majani mwenyewe, lakini mwisho wa kiangazi hana anachopata. Mkono mmoja wa nafaka na mashudu jioni unamsaidia kutaga na unamzoeza kurudi nyumbani.

Wanaohitaji msaada zaidi ni vifaranga wake, maana wengi hufa katika wiki za mwanzo. Wafunikieni tenga lenye matundu ambayo kifaranga anapita na mama hapiti, na ndani yake wekeni chakula cha vifaranga na maji. Kwa njia hiyo mfuko mmoja unaweza kuhudumia nyumba kadhaa.

Na pale ambapo wakubwa na wadogo wanakula pamoja na huwezi kuwatenga, usiwape wote chakula cha wanaotaga. Wape wote chakula cha kukuzia, kisha weka chokaa ya mifugo au makombe ya konokono yaliyopondwa kwenye chombo cha pembeni. Kuku anayetaga ataifuata chokaa mwenyewe, na kifaranga ataiacha.

Ombi langu kwa kamati na kwa wafadhili

Kwa kamati za parokia naomba mambo manne. La kwanza, msipitishe andiko la mradi wa kuku ambalo halina fungu la chakula hadi mayai yajilipie. La pili, fungu hilo litunzwe peke yake, lisiguswe na ujenzi. La tatu, kama fedha haitoshi, punguzeni idadi ya vifaranga, msipunguze chakula. Kuku 50 walioshiba wana faida kuliko 200 wenye njaa. La nne, kila kikundi kiwe na daftari lenye safu tatu: chakula kilicholiwa, mayai yaliyookotwa, kuku waliokufa. Mkilisoma kila wiki, litawaonyesha tatizo mapema.

Kwa wafadhili wetu naomba niseme kwa heshima na kwa uwazi. Banda hupigwa picha, chakula hakipigwi. Mtu akija kutembelea mradi baada ya mwaka mmoja, ukuta upo, mifuko haipo. Ndiyo maana sisi waratibu tunapata kishawishi cha kuandika yale yanayoonekana. Tusaidieni kwa kutuuliza swali jingine. Badala ya kuuliza banda lina ukubwa gani, ulizeni: kuku hawa watakula nini wiki ya 15? Mratibu asiyeweza kujibu swali hilo asipewe fedha, hata akiwa mimi.

Mtapenda kujua yale akina mama yaliwafikia wapi. Banda lilikaa tupu kwa muda, wakahifadhia kuni. Kisha wakaanza tena, bila msaada wetu, kwa michango yao. Safari hii walinunua vifaranga 50, baada ya kutenga fedha ya mifuko 12 ya chakula. Walisoma maandishi ya kila mfuko kabla ya kulipa. Nilipowatembelea kuku 47 walikuwa hai, na siku nyingi walikuwa wakikusanya mayai kati ya 36 na 40. Mfuko mmoja uliwatosha karibu siku tisa.

Mwenyekiti alinifungia mayai sita kwenye gazeti. Nikamwambia, mama, sistahili. Akasema: "Chukua mwanangu. Hata wewe ulijifunza hapa."

Nipo tayari kwa maswali, na walio na madaftari yao ya hesabu wayalete, tuyapige pamoja kabla hatujaagana.